Siku Niliyoiruka

Waliokuwapo alasiri ile nitawataja kwanza, maana wote wameshalala makaburini isipokuwa mimi, na anayetaka kunibishia aanze na majina. Ndani ya iwanza, ile nyumba ya wanaume, walikuwamo watatu. Mzee Maganga, mwenye mji, baba yake Kapaya. Mzee Lubaga, mjomba wake Maganga, aliyebeba mizigo kichwani hadi pwani na kurudi kabla reli haijafika kwetu. Na Mihayo, askari aliyerudi kutoka Burma. Mama yake na Maganga ni tumbo moja, kwa hiyo yeye na Kapaya walikuwa mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, wamechunga mbuzi pamoja na wamekwenda vitani kwa treni moja. Nje tulikuwa wanawake watatu. Kalunde, mama yake Kapaya, alikuwa anapepeta uwele. Dada yangu Nyamizi, mke wa Kapaya, alikuwa anamenya karanga za mbegu. Na mimi Veronika nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, madaftari mawili mapajani. Siku nyingine walikuwapo pia Kasubi mfua vyuma na Shija wa mizinga ya nyuki, lakini siku hiyo walikuwa msibani Usinge. Kapaya mwenyewe hakuwapo. Ndiye tuliyekuwa tukimngoja sote, kila mtu kwa namna yake.

Nyamizi tumemzika mwezi uliopita hapa Ipuli, Tabora. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa ukumbini na sahani ya wali, nikamsikia binti mmoja wa ukoo akimnong'oneza mwenzake: "Si unajua bibi alikuwa na mume kabla ya babu? Askari. Alimtoroka, akaoa huko huko Uhindini." Yule mwenzake akasema, "Wanaume bwana, hata zamani!" Wakacheka. Mimi sikusema neno, maana nilikuwa natafuna, na nilipomaliza kutafuna walishanyanyuka kwenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo situlii. Naanza kuchagua mchele, naacha katikati. Naingia chumbani kutafuta kitu, nasimama, sikijui. Uvumi ule si mpya. Mwaka ule wenyewe tulipokuwa tukimngoja Kapaya ulikuwapo, uliletwa na wanawake wa stesheni ya Usoke, na dada yangu aliusikia akiwa na ndoo ya maji kichwani na hakumwaga tone. Sasa amekufa na bado unamfuata. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na elimu yangu hii ya madarasa matatu kwa masista.

Nilikwenda kukaa kwa dada nikiwa na miaka kama kumi na mmoja. Mke wa askari akilala peke yake nyumbani maneno hayaishi, kwa hiyo alimwomba mama anitoe. Mji wa Maganga ulikuwa kaskazini ya reli, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Usoke kwa mguu wa mtu mzima, na nyuma yake ilipita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Haikuwa njia tena, ilikuwa kama mfereji uliotobolewa na nyayo, mvua ikinyesha maji yanaufuata. Tulilala mimi na dada katika chumba kimoja, kitanda cha kamba, mtungi mmoja, na koti la Kapaya limetundikwa kwenye mti wa ukuta. Koti lile lilikuwa linatolewa nje kuanikwa kila Jumamosi, linarudishwa. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mwaka wa njaa tulikula ule unga wa njano wa serikali ambao Mzee Lubaga alisema umesagwa kutokana na matofali. Asali ilikuwapo, maana nyuki hawajui vita.

Mzee Maganga alikuwa hajui kusoma, lakini alipogundua kwamba mimi najua, aliuza nta stesheni akanunua daftari lenye jalada jeusi. Akaniita. Akasema, "Mwanangu Veronika, Kapaya hayupo, na siku zake hapa zinapita bila yeye. Akirudi atauliza. Mimi kichwa changu ni cha mzee. Wewe utaandika." Basi kila jua lilipoanza kupoa alikuwa anakuja na kigoda chake, ananiambia siku ilivyokuwa, na mimi naandika. Tarehe nilizitoa kwenye kalenda ya misheni. Nayakumbuka mengi. "Leo mbuzi mweusi kazaa wawili, mmoja dume." "Leo nimekwenda kwenye mizinga mitatu, miwili ina nyuki, mmoja una nyoka." "Leo Kasubi kaazima jembe, hajarudisha." Siku nyingine alikaa muda mrefu akiangalia vidole vyake, kisha akasema, "Andika: leo hakuna jambo." Nami nikaandika hivyo, leo hakuna jambo, kwa herufi nzuri, na yeye akaweka kidole juu ya maneno kama anayapima joto.

Kisha ikaja karatasi. Tarishi aliileta kwa baiskeli, mimi nikaisoma uani, nayo ilisema Kapaya bin Maganga amepotea. Haikusema amekufa. Kalunde alikuwa ameshaweka mikono kichwani, Maganga akamshika mkono akaushusha. "Kitu kilichopotea hutafutwa," alisema. "Hakililiwi." Kwa neno hilo moja dada yangu alifungwa. Msiba haukuwekwa, kwa hiyo yeye hakuwa mjane. Mume hakuwapo, kwa hiyo hakuwa mke. Asingeweza kunyolewa na kurudi kwetu, asingeweza kwenda ngomani wala kukaa na wenzake kisimani, maana mke wa mtu aliye njiani akicheka sana, walisema, mume hujikwaa. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Na Maganga akaendelea kuniandikisha vile vile, mbuzi, mvua, nyuki, kama mtu anayemwekea mwenzake chakula chini ya kawa.

Mwaka ninaousema ndio ule askari wa Burma walipoanza kushuka kwenye treni. Mihayo alishuka Usoke na sanduku la bati, amekonda, viatu vikubwa. Alikwenda kwanza kwa mama yake. Alikaa huko miezi mitatu, hakufika mji wa Maganga, na watu wakaanza kusema. Hatimaye alikuja asubuhi moja, akaamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikiwa, akapewa kigoda, akakaa. Akaulizwa habari ya Kapaya. Akafungua sanduku akatoa daftari dogo, limevimba kwa maji, kurasa za rangi ya chai. Akasema, "Yote yamo humu. Toka tulipopanda meli mpaka niliporudi." Maganga akamwambia, "Basi tusomee, baba." Mihayo akatikisa kichwa. "Niliweza kuyaandika, mjomba. Kuyasema siwezi." Akampa daftari, na akaanza kuja kila siku.

Hapo ukatokea ubishi mkubwa ambao leo watu wakiusikia wanacheka. Kwa desturi ya pale, habari za aliyetoka safari zinasikilizwa iwanza kwanza, ndipo wanawake waambiwe. Na iwanza mwanamke haingii. Lakini kati ya watu wote wa mji ule, maana vijana walikuwa vitani au wamekwenda kukata mkonge Tanga, anayejua kusoma alikuwa mmoja tu, naye ni mimi, mwenye gauni. Maganga akasema haiwezekani. Kalunde akasema, "Basi mpeni mbuzi asome, maana dume lipo." Mzee Lubaga ndiye aliyeamua. Alikuwa mtani wangu yule, mimi kwake ni mjukuu, kwa hiyo ni mke. Akasema, "Mke wangu atakaa nje, mgongo kwenye ukuta, pale kwenye tundu la moshi. Mwili utabaki nje, sauti itaingia yenyewe. Sauti haivai kanga." Ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma nikiwa nimewapa mgongo, siwaoni, nawasikia wanavyokohoa na kugonga viko, na harufu ya tumbaku inanitokea shingoni. Na kwa sababu nilikuwa nje, Kalunde na Nyamizi nao walipata kazi za kufanya pale pale. Hakuna aliyewafukuza.

Shauri la kusoma madaftari mawili kwa pamoja lilikuwa la Maganga. Nisome siku moja ya Mihayo, halafu nitafute tarehe hiyo hiyo kwenye daftari jeusi, niisome. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mihayo aliandika kwa ufupi sana. "Jumatatu. Meli. Wote tunatapika. Kapaya anasema bahari ni ng'ombe asiyetaka kupandwa." Mimi nikafungua jeusi: "Jumatatu. Tumepanda karanga. Mvua nzuri." Ndani Lubaga akadakia, "Mnaona! Sisi tunapanda, wao wanatapika, na wao ndio wanalipwa!" Siku nyingine: "Ndege imetupa chakula kwa mwavuli. Gunia limeangukia nyumbu wa mizigo, nyumbu kafa. Tumekula vyote viwili." Wakacheka mpaka Shija akatoka nje kupumua. Ilipofika mahali Mihayo ameandika kwamba kule jua huchomoza mapema kuliko kwetu, Lubaga hakukubali. "Kwa hiyo nyinyi mlikuwa mnaishi kesho yetu?" Mihayo akajibu kwa ile sauti yake ya chini, "Kwa saa chache, babu." "Na hamkututumia salamu kwamba unga wa njano unakuja!"

Lakini mvua ikaanza katika daftari la Mihayo, na haikukoma. Matope, ruba miguuni, viatu vinaoza, wanapandisha mlima na kushuka. Wanaume waliacha kucheka. Na Jumapili moja, sikupaswa kufanya hivyo, nilichukua daftari lile dogo nikaenda nalo nyuma ya ghala nikasoma mbele. Nilitaka tu kujua kama atapatikana. Nilisoma ukurasa mmoja, nikafunga. Nikakaa pale mpaka mbuzi wakarudi. Ulikuwa umebaki mwendo wa siku nne wa kusoma kabla ya kuufikia.

Siku nne zile nitazieleza vipi? Nilichota maji mara mbili bila kutumwa. Niliunguza mlenda. Kila alasiri nilikuwa nasoma polepole, narudia sentensi, nakohoa, ili jua lizame kabla ya kumaliza, lakini siku za Mihayo zilikuwa fupi na jua la kiangazi ni refu. Nilijua kwamba ukurasa ule ungemfungua dada yangu. Nilijua pia kwamba mle iwanza yananing'inia mashoka, na Mihayo anakaa chini yake. Na Mzee Maganga adhuhuri ile ya mwisho alinipa kipande cha sega kwenye jani, akaniambia, "Kula mwanangu, koo lilainike. Nahisi tunamkaribia." Asali ile niliila. Nasema kweli, niliila yote.

Nyamizi hakuwa mjinga. Tulipokuwa tunaosha vyungu aliniambia bila kuniangalia, "Umesoma mbele."

"Sijasoma, dada."

"Unakula kama mtu aliyesoma mbele."

Akachukua majivu, akasugua chungu ambacho kilikwisha takata. "Usiniambie," akasema. "Ukiniambia mimi peke yangu nitakuwa nimejua na wao hawajajua, na sitaweza kuanika lile koti Jumamosi. Lakini ukiwa nalo, Vero, usilifiche kwa kunihurumia. Nimechoka kuhurumiwa na watu wanaokwenda kulala na waume zao."

Pamoja na hayo yote, nilipofika pale, nikaruka. Niligeuza karatasi mbili kwa pamoja, nikasoma: "Ijumaa. Tumevuka mto. Chumvi imekwisha." Nikachukua daftari jeusi haraka, nikatafuta Ijumaa ile. Kalunde alikuwa anapepeta, shwaa, shwaa. Kisha nikaisikia sauti ya Mihayo, karibu sana, kumbe alikuwa amehamisha kigoda chake mpaka kwenye ukuta wangu, mgongo wake na mgongo wangu tumetenganishwa na udongo tu.

"Umeruka," alisema.

Nikaendelea kuitafuta Ijumaa.

"Umeruka ukurasa, mwanangu. Rudi."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anayejua kusoma alikuja na daftari lake kila siku kumsikiliza mtoto. Alikuwa ananingoja. Siku zote zile nilizokuwa namwogopea, yeye alikuwa ananingoja nifike. Nikarudi. Nikasoma, na maneno nayajua kwa moyo hadi leo: "Jumanne. Kapaya anaharisha siku ya nne, hawezi kusimama. Machela ni za waliopigwa risasi tu. Sajini amesema tumwache chini ya mti wenye alama, watu wa hospitali wanakuja nyuma. Nimempa chupa zangu zote mbili za maji. Nimechukua bunduki yake na mzigo wake juu ya wangu. Akasema, Nenda, nakuja. Sikugeuka. Alhamisi. Nimetoroka mstari kabla ya mapambazuko, nimerudi. Mtini hayupo, kumbe nimempita gizani. Nimemkuta mbele zaidi, njiani, kichwa kikielekea kwetu. Alikuwa ametambaa kutufuata. Nimemzika kwa kofia ya chuma. Sikumwambia mkubwa yeyote, maana kutoroka mstari ni kufungwa."

Ungo wa Kalunde ulikuwa umeacha kusema. Nilipoacha kusoma hakuna aliyeniambia niendelee. Maganga akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Jumanne hiyo, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nikafungua jeusi. Nilijua mkono wangu mwenyewe kabla ya kusoma. "Uliniandikisha…" nikashindwa.

"Soma."

"Leo hakuna jambo."

Nilisikia kigoda kikianguka. Sijui alifanya nini mle ndani, sikugeuka kuangalia tunduni, na sitaki mtu aniambie. Nilisikia Mihayo akisema, "Mjomba, nichape," na sauti ya Lubaga ikimkata: "Nyamaza. Hapa hachapwi mtu. Unadhani wewe ndiye wa kwanza?" Halafu akaongea maneno marefu ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, yule mzee wa masihara. Alisema kwamba katika njia ile ile iliyopita nyuma ya iwanza walilala watu wengi, wengine walikuwa hawajafa walipoachwa. Ndui, kuhara, mguu uliovimba. Msafara haungoji. Lakini walikuwa na sheria yao wapagazi. Mwenzako akiachwa, mzigo wake hauachwi. Na yule aliyeuchukua, siku akirudi nyumbani, haendi kwake kwanza. Anakwenda mlangoni kwa mama wa aliyebaki, mzigo kichwani, anasimama. Mama ndiye anayeutua kwa mikono yake. Asipoutua, unasimama nao. "Mimi nilisimama kwa mama yake Ngasa toka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi," alisema. "Shingo hii ya upande mnayoicheka ndiyo ya siku ile. Wewe Mihayo ulikosea hapo tu. Ulikwenda kwa mama yako kwanza. Umechelewa miezi mitatu, lakini mzigo hauozi."

"Mzigo wenyewe niliurudisha jeshini, babu."

"Basi tutaufunga mwingine."

Kesho yake asubuhi Lubaga alikwenda mwenyewe kwenye njia ya zamani, akachota udongo na mawe, akaufunga kwa mkeka na kamba za magome kwa mtindo wa wapagazi, frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, kwa vidole vyake vilivyopinda. Mihayo akatengeneza kata ya majani, akatwishwa. Akaja uani, akasimama mbele ya mlango wa Kalunde, amevaa kaptula yake ya jeshi, bila viatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kalunde alikuwa ndani tangu jana, hajala, hajalia.

Jua likapanda. Mimi na Nyamizi tulikaa kwenye kibaraza cha jikoni, hatukuwasha moto. Maganga alikaa chini kabisa, ardhini, ng'ambo ya ua, naye hakuwa na haki ya kusema lolote. Miguu ya Mihayo ilianza kutetemeka, halafu ikaacha, halafu ikaanza tena. Jasho lilimfanyia duara miguuni. Kuku wakapita katikati ya miguu yake. Kivuli chake kilipokwisha kabisa, Nyamizi aliinuka, akasema, "Mimi nitautua. Ni mume wangu." Lubaga akamshika kitenge. "Kaa, mjukuu wangu. Wewe ulimpata mtu mzima. Yeye alimpata mtupu, siku ya kuzaliwa."

Ndipo sauti ya Kalunde ikatoka ndani, kavu.

"Mihayo."

"Naam, mayu." Alimwita mayu, mama, kama alivyomwita tangu utoto.

"Zile chupa mbili. Ulipomkuta, zilikuwa na maji?"

Kwenye daftari, hilo halikuandikwa. Mihayo alinyamaza. Sitaki kusema alinyamaza kwa muda gani.

"Moja ilikuwa tupu, mayu. Ya pili ilikuwa na nusu."

"Nusu."

"Nusu."

"Kwa hiyo hakufa na kiu."

"Hakufa na kiu."

Komeo likasogea. Kalunde alitoka, mwanamke mfupi, kilemba kimemlegea. Hakuweza kuufikia mzigo, na Mihayo ilimbidi apige magoti nao kichwani, goti moja, halafu la pili, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Kalunde aliushika pande zote mbili kifuani kwake, akauvuta, ukamshinda, akakaa nao chini kwa kishindo, ameupakata. Hapo ndipo alipolia. Na mji mzima, uliokuwa umeshikilia sauti yake zaidi ya mwaka, ukaiachia.

Tulizika ule mzigo. Maganga alitaka kaburi la urefu wa mtu, likachimbwa. Nyamizi alinyolewa, akakaa msiba mpaka ukaanuliwa, tukarudi kwetu pamoja, mimi nimebeba kitanda cha kamba yeye amebeba mtungi. Koti alimwachia Kalunde. Miaka mitatu baadaye aliolewa hapa Tabora na Salum, fundi viatu, huyo ndiye babu mnayemjua, akazaa, akaishi, akacheka sana kisimani na kila mahali. Mihayo alilima kwa mjomba wake mpaka Maganga alipokufa. Daftari lake lilikaa kwake, na jeusi nilipewa mimi, likaliwa na mchwa mwaka wa mafuriko. Maganga hakuniandikisha tena siku hata moja.

Kwa hiyo hakumtoroka mkewe, na hakuoa Uhindini. Hilo sina shaka nalo, nililisoma kwa kinywa changu. Lakini lipo moja ambalo mimi na Nyamizi tulibishana miaka yote, tukiwa vijana na tukiwa vikongwe. Mimi nimeandika nusu. Yeye alisema Mihayo alitamka robo, na kwamba Kalunde ndiye aliyesema nusu, na Mihayo akaiitikia. Alisema pia kwamba Mihayo alinyamaza kwa sababu ya shingo kulemewa na mzigo. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikauona uso wake, na nadhani alinyamaza kwa sababu nyingine, kama mtu anayechagua jibu. Aliyekuwa anaweza kunisahihisha tumemzika. Kama wapo wajukuu wa Mihayo huko Usoke, na babu yao aliwahi kuwaambia kitu kuhusu ile chupa ya pili, waje Ipuli, waulize nyumba ya Bibi Veronika. Majina mengine yote wakitaka wayanyooshe, nitashukuru. Na hilo la chupa, hata kama si nusu, hata kama si robo, waniambie tu. Nitakuwa nimekaa.